Riziki Amelala

Jumatatu, 3 Februari

Shuka, taulo, shuka. Mashine kubwa ya kufulia imegoma tena na fundi anajifanya hanioni. Mikono inanuka sabuni hata nikila.

Kesho kutwa tunafunga gati Mombasa. Abiria wa meli watakwenda mbugani kutazama ndovu na watalala huko huko. Msimamizi wa dobi amenipa ruhusa: nishuke Jumatano asubuhi, nirudi Alhamisi kabla ya magharibi. Alhamdulillahi. Nitalala kwetu Msambweni, na mwanangu. Nilimwacha Riziki kwa mama angali hajui kusema. Sasa ana miaka mitatu, na kwenye simu ananitazama kidogo kisha anakimbilia kuku. Nataka kitu kimoja tu: anijue.

Jumanne, 4 Februari

Nimepiga pasi dera la manjano. Nimelipiga tena. Mjinga mimi, mtoto ataangalia dera?

Namwogopa mwanangu mwenyewe. Aibu gani hii.

Jumatano, 5 Februari

Nipo nyumbani. Nimechoka na nina hasira.

Riziki alijificha nyuma ya leso ya mama. Mama akamwambia, "Mwamkie mamako." Akatoka, akanipa mkono. "Shikamoo." Vizuri kabisa, vile anavyowaamkia wageni. Kisha akarudi kwenye leso. Nikaitikia marahaba, mgeni kweli.

Halafu watu! Mama alikuwa ametangaza mtaa mzima. Mtu akitoka safari lazima aje aonwe, na nani atawafukuza? Bi Mwanakombo, jirani yetu, aliketi tangu adhuhuri mpaka alasiri ikapita, akiniuliza kama ni kweli wazungu hutembea uchi melini. Pilau, chai, mahamri. Mimi jikoni, nawapikia watu waliokuja kunitazama mimi. Nilipomaliza vyombo Riziki alikuwa amelala kitandani kwa bibi yake, uso ukutani.

Nyoo! Ningefunga mlango. Siku nzima imepotea kwa adabu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimerudi melini.

Asubuhi nilifunga mlango kweli. Mama akanuna, nikamwacha anune. Nikachota maji, nikamwogesha Riziki uani. Alisimama kakauka, hanitazami. Sijui nilipatwa na nini, nikajimwagia kata nzima kichwani, na dera langu mwilini. Akacheka. Ya Rabi, kile kicheko! Akataka tena. Nikajimwagia mpaka ndoo ikaisha, mama dirishani akisema nimerukwa na akili.

Nikampaka mafuta, nikamsuka. Akauliza kama meli ina choo. Akala wali mkononi mwangu. Katikati ya kula akaniita mama, akiomba maji. Hakuna aliyemfundisha. Nikaenda kuyaleta maji na kulia huko huko mtungini.

Baada ya adhuhuri usingizi ukamjia, akakataa kwenda kwa bibi yake. Akanilalia, ngumi imeshika dera. Akaniuliza, "Nikiamka upo?"

Nikasema, "Nipo."

Hata inshallah sikusema. Nilitaka alale.

Mama akaninong'oneza: "Toka sasa hivi, asije akakulilia." Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mtoto mdogo haagwi, hutorokwa akiwa usingizini. Nami nilitorokwa hivyo, na mama anaapa kwamba sikudhurika. Nikamfungua vidole kimoja kimoja. Nikavaa buibui juu ya dera bichi, nikatoka kwa mlango wa uani. Mpaka kwenye kivuko Likoni nilikuwa najiambia nimefanya vyema.

Muoga mkubwa mimi. Angelia, ningemwona akilia, ningemwambia nakwenda kazini na nitarudi. Mtoto wa watu anaelewa. Wakati nilikuwa nao. Nilikuwa nao kabisa.

Ijumaa, 7 Februari

Baharini. Hakuna mtandao. Nimeunguza foronya mbili kwa pasi na nimemjibu vibaya msimamizi. Sijala.

Jumamosi, 8 Februari

Tumefika Unguja. Simu imeshika.

Mama anasema Riziki aliamka, hakulia. Alinitafuta. Chumbani, jikoni, chooni, kisha uani, akafunua pipa la maji. Akaenda kuniulizia kwa Bi Mwanakombo. Jana mchana hakulala, na leo pia hataki. Anakaa kizingitini akipigana na macho. Mama akimbeba kumlaza, anashtuka na kumshika shingo kwa nguvu mpaka inauma.

Nilimwomba mama amwambie kwamba nimekwenda kazini.

"Nimemwambia," mama akasema. "Anasema wewe ulimwambia upo."

Nikamwomba tu asimkaripie, amwache akae pale kizingitini, na kama jua ni kali amvike kofia.