Wanaokuja Kumpa Mama Pole

Jumanne, 1 Oktoba 2024
Mama ameanguka tena. Mara ya tatu tangu nimtoe Msimbu, Kisarawe, nimlete hapa kwangu Sofu, Kibaha — nami nilimhamisha ili asianguke! Mkono umechubuka, mfupa, namshukuru Mungu, ni mzima. Daktari ameeleza: presha yake hushuka anapoinuka ghafla. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame. Akaongeza kwamba nyonga ikivunjika katika umri huu, wengi hawatembei tena. Sehemu hiyo sikumwambia Mama.

Ijumaa, 4 Oktoba
Nimegundua jambo, na limeninyima raha. Mama huanguka mgeni anapopiga hodi! Leo Marselina wa Mkuza alikuja na wanajumuiya wenzake wa kanisani kumpa pole. Kusikia sauti zao tu, Mama akachomoka kitandani — "Karibuni, karibuni wanangu!" — akayumba, Wema, mke wangu, akamdaka. Kumbe ndivyo ilivyo: anaanguka, watu wanakuja kumpa pole, anainuka kuwapokea, anaanguka.

Nimemsihi awapokee akiwa amelala. Akanicheka. Mgeni apokewe na mtu aliyejinyoosha kama gogo? Eti mimi, mwalimu mzima, nilisomea nini?

Jumapili, 6 Oktoba
Baada ya Misa nilisimama mbele ya waumini — mimi, mwenyekiti wa jumuiya, ninayewahimiza kila mara kuwatembelea wagonjwa. Nikaeleza hali ya Mama, kisha nikawaomba, kwa maneno niliyoyapima sana, wasije kwangu kwa muda. Telesphory, mwanajumuiya mwenzetu, akasema, bila kujificha: mwenyekiti alianza kwa kujiwekea geti nyumbani, sasa amefika kwenye mlango. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa shida.

Jumatano, 9 Oktoba
Hakuna anayekuja. Mama hajaanguka. Asubuhi aliuliza kama watu wa Kibaha wamehama. Nikajibu kwamba wametingwa.

Jioni. Chumba cha Mama kitupu!

Marselina amepiga simu, anacheka. Mama alifika kwake peke yake, kwa miguu, kumpa pole yeye: watu kutoonekana siku zote hizi, lazima wanaumwa. Nikamwomba amzuie. Kicheko kikakatika — mwenyekiti, mbona ameshaondoka? Amekataa kusindikizwa. Anapitia kwa Telesphory.

Kufika huko lazima avuke barabara kuu. Malori! Wema ametoka na bodaboda. Mimi ameniambia nisibanduke, Mama asije akarudi akakuta pamefungwa.

Nampigia Telesphory. Inaita hadi inakatika. Tangu Jumapili hapokei simu zangu.