Soya ya Mafabi

Jumatatu, 3 Machi

Uji nusu kikombe. Vidonge. Binti yangu Mutesi kanishika mkono hadi kwenye tangi nyuma ya nyumba, nikawalisha kambare wangu wachache. Wanapanda juu, midomo wazi. Wanamwamini anayewalisha. Hapo moyo ukanichoma tena.

Niandike, maana pumzi inakwisha. Nimeficha jambo hili: samaki wa Mafabi kule Mbale hawakurogwa. Ni chakula nilichowachanganyia mimi.

Jumanne, 4 Machi

Kifua kibaya.

Mafabi alikuwa rafiki yangu. Yeye Mgisu, mimi Msoga. Pale bwawani tuliongea Kiswahili. Mimi nilikuwa bwana samaki, niliyesomea lishe yao. Yeye alichimba bwawa bondeni, chini ya mtaa wa Malukhu. Maji yalikuja kwa mfereji uliopita shambani kwa mdogo wake, Wamono. Chakula nilipanga mimi: mukene, wale dagaa wetu wa ziwani, wakavu wa kusagwa; pumba za mahindi; unga wa muhogo; soya. Samaki anayekua anataka protini nyingi, na soya inapatikana kuliko mukene. Lakini lazima ikaangwe kwanza. Mbichi ina kitu kinachozuia tumbo la samaki kuivunja protini. Anakula, anashiba, hakui.

Ile haikukaangwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Walukuba yote, mtaa wetu hapa Jinja, ni matope.

Nawaona bado wale samaki. Vichwa vikubwa, miili kama vijiti. Mafabi akadhani wana njaa, akazidisha chakula. Maji yakaoza, samaki wakaelea. Yeye na Wamono walikuwa wakigombea mpaka wa shamba, basi jibu likapatikana upesi: Wamono katia kitu mferejini. Ukoo ukakaa. Wakaniuliza mimi, msomi wao. Nikasema maji sijayapima. Kweli tupu, na uongo mtupu.

Mafabi alikufa bila kusema tena na mdogo wake. Siku ya mazishi Wamono alizuiwa kutupa udongo kaburini. Alisimama barabarani na donge mkononi mpaka watu wakatawanyika.

Mimi nilitupa langu.

Jumamosi, 8 Machi

Simu kutoka kwa Nandutu, mjane wa Mafabi. Jumamosi ijayo wanalijengea kaburi kwa saruji. "Shemeji, utakuja? Wenzake wote wamekwisha, umebaki wewe." Nikamuuliza kama Wamono atakuwepo. Akacheka, kicheko kikavu. "Yule? Aje airoge na saruji isikauke?"

Saruji ikishakauka, hakuna tena pa kutupa udongo.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Mutesi anipeleke. "Baba, chooni kwenyewe hufiki peke yako. Mbale utafika vipi?" Nikamwambia nitafika nimelala. Kanuna. Kisha nimemsikia akipiga pasi shati langu jeupe.

Kufa sikuogopi. Naogopa uso wa Wamono.

Ijumaa, 14 Machi

Mbale. Safari yote nimelala kiti cha nyuma, kichwa juu ya mto wa Mutesi.

Nandutu alikuwa anatwanga karanga za kutia kwenye malewa, ile mboga ya chipukizi za mianzi. Nikamwambia yote. Soya, tumbo la samaki, kikao cha ukoo. Mchi ukasimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe mume wangu kafa na chuki ya bure." Hakunitukana. Heri angenitukana.

Akatuma watu wamwite Wamono. Amezeeka. Alikuja akikokota baiskeli, akabaki mlangoni. Ndani ya nyumba ile hajakanyaga tangu ugomvi. Nikarudia yote. Akanitazama.

"Bwana Samaki, huko ulikosoma, walikufundisha samaki tu? Watu hawakukufundisha?"

Akauliza, "Ulijua lini?"

Nikasema: baadaye, samaki walipokwisha kufa.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi Nandutu aliwasimamisha mafundi, saruji ikiwa tayari kwenye toroli. Akawaeleza watu wa ukoo, maneno machache. Wamono akainama kwa shida, akachukua udongo, akautupa juu ya kaka yake. Akafuta mkono kwenye suruali. Mafundi wakaendelea.

Sasa kumetulia. Nimekaa barazani kwa Nandutu, blanketi magotini. Saruji bado mbichi. Mutesi anafukuza kuku wasiikanyage.

Jana nilimdanganya Wamono.

Nilikuwa na desturi: kabla ya kuchanganya, natafuna punje moja ya soya. Iliyokaangwa inavunjika na kunukia kama karanga. Mbichi inaacha uchungu wa majani ulimini. Siku ile pia nilitafuna. Ilikuwa mbichi. Kuni zilikuwa zimelowa, kukaanga kungekula mchana mzima, na mimi nilitaka kuwahi gari la Jinja.

Nikatema. Nikamwambia Mafabi: iko sawa, changanya.