Midomo Myeupe Kabla ya Agosti

Eldoret, Jumatano, Julai 1986

Mvua imeanza kabla ya mapambazuko na haijapumzika. Matope ya mtaa wetu wa Huruma yamepanda mpaka mlangoni. Nimerudi kutoka hospitali nikiwa nimelowa, na mpaka sasa nimekaa kitandani na koti la mvua mwilini, kama mtu aliyesahau kwamba amefika nyumbani.

 

Naandika kwa sababu kichwa changu hakiwezi kubeba mambo ya leo peke yake. Shule niliacha darasa la sita, kwa hiyo nitayaeleza hivyo hivyo jinsi yalivyokuja.

Weupe ulianza mwaka jana wakati wa kuvuna mahindi, kwenye pembe ya kushoto ya mdomo. Doa dogo kama punje ya mtama. Nilidhani ni ugali umekauka, nikafuta. Halikufutika. Likakua polepole, mpaka mdomo wa chini ukawa kama wa mtu aliyekunywa maziwa akasahau kujipangusa. Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia na kile kinachokifuata vikaanza kupauka kwenye ncha.

Vidole ndivyo vilivyonitisha. Kwetu kila mtu anajua ugonjwa unaoanza na mabaka na kumalizia na vidole. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mzee aliyekaa peke yake karibu na Mto Nzoia. Chakula chake kiliwekwa juu ya kisiki njiani, aliyekiweka akaondoka kabla mzee hajatoka. Sisi watoto tulikatazwa hata kukanyaga alipokanyaga. Nilianza kuamka asubuhi na kuangalia vidole vyangu kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Nilijaribu dawa. Mwanamke mmoja sokoni aliniuzia unga mwekundu wa kuchanganya na siagi, ukaniunguza hata nikashindwa kula ugali wa moto. Nikapaka majivu. Mwishowe nikaacha kutafuta dawa, nikatafuta maficho. Kila asubuhi kabla ya kwenda kiwanda cha mbao nilijipaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia. Yakikosekana masizi, nilitumia rangi ya viatu. Siku moja rangi ile ilielea kwenye chai yangu, na mwenzangu ninayebeba naye magogo akaniuliza kama nimetoka kubusu buti za askari. Watu walicheka. Na mimi nilicheka.

Ambaye hakucheka, habari hiyo ilipomfikia, ni Makokha.

Makokha ni mtu wa kwetu kabisa. Boma lao na letu yametenganishwa na shamba moja la mahindi. Tulitahiriwa mwaka mmoja, na ndiye aliyenileta Eldoret. Anafanya kazi kwenye shamba kubwa la ng'ombe wa maziwa upande wa Kimumu, ambako hukamua kwa mashine. Kila Jumapili sisi tuliotoka magharibi hukutana nyuma ya nyumba ya Mama Selina, tukazunguka chungu kimoja cha busaa, pombe yetu ya nafaka, kila mtu akiinyonya kwa mrija wake.

Tangu Serikali ifunge vilabu vya busaa tunakunywa kwa kujificha. Chungu si shida, unaweza kukifunika kwa blanketi ukasema ni maji. Shida ni mirija. Mrija wa kwetu, ule unaokatwa kwenye mti unaotambaa, ni mrefu kuliko mtu na haukunjiki. Ukiubeba barabarani, askari hana haja ya kukuuliza unakwenda wapi. Ndipo Makokha akatuletea mipira. Ilikuwa mipira myeusi ya kupitishia maziwa kwenye mashine ya kukamulia, iliyochakaa na kutupwa. Alikata vipande, kila mtu chake, akafunga kitambaa cha kuchujia kwenye ncha. Unaukunja, unautia mfukoni, unapita mbele ya askari na kumsalimia. Tulimsifu sana. Mzee mmoja wetu alisema huyu angezaliwa Uzunguni angekuwa ameshafika mwezini.

Mwezi wa tatu Makokha alinitoa kwenye chungu. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio uliouma.

"Baba Wekesa, usikasirike," alisema. "Hapa kila mtu ana watoto wa kulea. Chukua kopo lako, tutakujazia, ukae pale kando."

Hakuna aliyempinga. Nilikaa pale kando, karibu na kuni. Mpira wangu niliendelea nao, nikautumbukiza ndani ya kopo, maana mtu wa kwetu hagugumii busaa kama ng'ombe anayekunywa mtoni. Heshima hiyo tu ndiyo niliyobaki nayo.

Msimu wa kupanda Makokha alikwenda nyumbani, akasema aliyosema kuhusu midomo yangu. Mwezi uliopita ndugu yangu akanitumia neno kwa mdomo wa mtu: Wekesa, mwanangu wa kwanza, atatahiriwa Agosti kama ilivyopangwa, ila atasimama uani kwa baba yake mdogo. Wazee wanaona heri nisije.

Kwetu kijana hutoka mtoni alfajiri amepakwa matope, akaja kusimama kwenye uwanja wa baba yake huku watu wote wanaona. Baada ya hapo baba huketi chunguni na wazee, na mrija wake. Kijana akisimama kwenye uwanja wa mwingine na baba yake yu hai, maneno hayo humfuata mpaka naye azae.

Kwa hiyo leo sikwenda hospitali kutafuta dawa ya midomo. Nilikwenda ili mtu mwenye elimu aniambie kwamba ni ukoma, nipate kuacha kutumaini.

Benchi lilikuwa limejaa. Nilijibana mwishoni, kando ya mtu aliyejizungushia kitambaa cha shingo mpaka puani. Alikuwa ameugeuzia uso ukuta. Niliangalia chini, nikaona buti zake za mpira. Ya kulia ilikuwa na kiraka chekundu.

Kiraka kile nilikigundisha mimi kwa mikono yangu, mwaka juzi.

Nesi alipita akimwambia afungue kitambaa, daktari hawezi kupima kitambaa. Akakifungua. Midomo yake ilikuwa myeupe kuliko yangu. Yote miwili, juu na chini, mpaka kwenye masharubu.

Nilisahau hata kusalimia.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Makokha aliangalia sakafu. "Kabla yako."

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Nilisikia mvua kwenye mabati kana kwamba inanyesha ndani ya kichwa changu. Kabla yangu. Wakati ananiambia nichukue kopo, midomo yake mwenyewe ilikuwa na masizi ya taa, na masharubu hayo aliyokuwa akijisifia aliyafuga ili yaifunike. Tulikuwa wawili kwenye chungu kile, tumejipaka masizi, na mimi nilidhani niko peke yangu.

Daktari alikuwa msichana wa huku huku Uasin Gishu, bado mdogo, sauti yake ya chini. Mlango ulikuwa wazi. Alipotuona tumekaa pamoja, mdomo kando ya mdomo, alituita wote wawili kwa mara moja. Akauliza kama sisi ni ndugu. Nikasema majirani.

Aliniambia nifumbe macho. Akanigusa kwa pamba, mara mdomoni, mara vidoleni, kisha kwa ncha ya sindano, na kila mara aliuliza kama nahisi. Nilihisi yote. Akanibonyeza nyuma ya viwiko na shingoni, akaniambia nifumbue, kisha akampima Makokha vivyo hivyo, ambaye vidole vyake navyo vilikuwa vimepauka.

"Mzee, huu si ukoma," alisema. "Mabaka ya ukoma hufa ganzi. Yako yanahisi mpaka pamba."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamuuliza kama ana hakika, akasema angekuwa hana angenipeleka kwa mwingine.

Akatueleza kwamba ngozi ya kila mtu ina vitu vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo kazi yake ni kutengeneza rangi. Vikifa mahali fulani, mahali hapo hubaki peupe. Ugonjwa wenyewe unaitwa mbalanga. Hauambukizi. Haupiti kwenye chungu, wala kitanda, wala mkono. Wala si laana. Kwa wagonjwa wengi, alisema, hata madaktari hawajui umeletwa na nini.

"Lakini nyinyi mnanishangaza," akasema. "Watu wawili, weupe ule ule, midomoni na kwenye vidole vya kushikia. Ni kitu gani mnashika na kutia mdomoni?"

Picha ya Rais ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake, inatuangalia.

"Chai, daktari," Makokha alisema.

"Chai gani hiyo?"

"Ya moto."

Daktari aliweka kalamu chini. "Baba," alimwambia, "mimi ni daktari. Mimi si chifu."

Mimi nikatia mkono mfukoni, nikautoa mpira wangu, nikauweka mezani pake. Ukajikunjua polepole wenyewe mpaka ukagusa kikombe chake cha kalamu. Hakucheka. Aliuinua, akaunusa, akaangalia ncha ambayo meno yangu yameitafuna. Akauliza tunauweka upande gani wa mdomo. Nikamwonyesha pembe ya kushoto. Akauliza kama pombe hiyo hutiwa maji ya moto. Nikasema ndiyo, kila inapopungua.

Alisema mpira hutiwa dawa kiwandani ili usipasuke upesi. Kati ya dawa hizo kuna zinazoua rangi ya ngozi. Alifundishwa shuleni habari za watu waliovaa glavu za mpira kazini mikono yao ikawa myeupe. Wa kunyonya kwa mdomo, na moto na mate, hajapata kuuona mpaka leo. Hawezi kuapa. Lakini kama mpira huo ungekuwa wake, angeutupa leo.

Nilibaki nimeutazama mpira ule.

Waliponitoa kwenye chungu ili nisiwape ugonjwa, ugonjwa nilikuwa nao mfukoni. Nao walikuwa nao, kila mtu kipande chake. Na mimi pale kando ya kuni, kwa ajili ya heshima, niliendelea kuunyonya.

Dawa amenipa ya kupaka, kidogo asubuhi na jioni, isizidi. Nivae kofia pana kazini kwa sababu ngozi nyeupe huungua na jua. Unga wa sokoni nisiuguse tena. Nikamuuliza kama rangi itarudi. Akasema mara nyingi hurudi kwa vidoadoa kupitia vinyweleo, na itachukua miezi mingi. Ncha za vidole hazina vinyweleo. Midomo haina. Huenda isirudi kabisa, na hatanidanganya.

"Na kabla ya Agosti?"

"Agosti hapana, Mzee."

Nje tulisimama chini ya paa pamoja na watu wengine waliokuwa wakingoja mvua. Makokha alikuwa ameshajifunga kitambaa chake.

"Nilifikiri wakikuangalia wewe hawataniangalia mimi," alisema mwishowe.

Nilitaka kumpiga. Nakiri. Mkono ulikunja ngumi wenyewe. Lakini nilimwangalia macho yake juu ya kile kitambaa, na yalikuwa macho yangu ya kila asubuhi.

Nikamwambia: neno la ukoma ulilipeleka wewe, na hili la leo utalipeleka wewe. Mimi nikisema, watasema anajitetea. Jumapili hii utawaambia kwa Mama Selina waitupe mipira yote. Jumamosi inayofuata tutakwenda nyumbani pamoja, utasimama mbele ya ndugu yangu na wazee, uso wazi, mchana, waone midomo yetu myeupe na vidole vyetu vyote ishirini.

Alisema tu, "Mke wangu hajui." Mke huyo huja huku mara mbili kwa mwaka, na Makokha hujifunga kitambaa akisingizia jino.

Mvua ilipopungua tukatembea. Karibu na soko Makokha alishusha kitambaa, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Mama aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha alimtazama, akavuta beseni lake kwake, mbali nasi. Basi, hivyo tu. Makokha akakipandisha tena kitambaa, na mpaka tulipoachana hakukishusha.

Sijawahi kuona jinsi uso wangu unavyoonekana kwa watu kama nilivyoona pale.

Hapa juu ya mbao za paa nilikuwa nimelaza mrija wa marehemu baba, tangu siku ya mipira. Sasa hivi nimeushusha. Umejaa vumbi na utando wa buibui, na hautoshi chumbani. Imenibidi niulaze kimshazari, ncha moja mlangoni na nyingine kichwani pa kitanda. Nimeupangusa. Haujapasuka.

Jumamosi hiyo ya safari nitaubeba begani mpaka stendi. Askari akiniuliza, nitamwambia ni mali ya baba yangu na naurudisha nyumbani, na huo ndio ukweli. Midomo yangu nitakwenda nayo ilivyo, bila masizi. Wekesa atasimama uani kwangu. Kama wazee watakataa, wakatae wakiwa wananiangalia.

Hilo langu nimelimaliza. La Makokha silijui. Najiuliza atakuja stendi kitambaa kikiwa shingoni au kikiwa mdomoni, au hatakuja. Na najiuliza jambo jingine, gumu zaidi: kama weupe ungeanza kwake waziwazi na kwangu kwa siri, ni nani angemwambia achukue kopo akae kando?