Buli la Makame

Rafiki yangu Makame,

Salamu za mtu aliyechoka zikufikie huko uliko. Kutwa tumeshusha saruji bandarini, mgongo unaniwaka, na kalamu naishika kama kulabu ya magunia. Utanisamehe mwandiko. Shule niliiacha Tabora kabla haijanifaa, hilo unalijua. Lakini leo nina jambo ambalo nikimwambia aliye hai atanicheka.

Nakuonea wivu.

Mwatima wako nimemwoa mimi. Alikaa eda akamaliza, mwaka ukapita, na dada yako Bi Time mwenyewe ndiye aliyenitafuta. "Kuliko aje mtu tusiyemjua," alisema. Sasa nalala chumba chako hapa kisiwani, mtaa wa Malindi, shati langu natundika kwenye msumari wako. Hayo hayanisumbui. Kinachonisumbua ni chai.

Siku za mwanzo nilimwuliza, "Bi Mwatima, mbona nyumba hii hainywi chai?" Akanijibu kwa upole, "Chai ya nyumba hii alikuwa akipika Makame." Basi. Hamali kama mimi, unatoka kazini na vumbi lako, unaingia jikoni, unamwambia mkeo akae barazani atulie, utamwita! Kwa nini ulimzoesha hivyo? Ulitaka atakayekuja nyuma yako ateseke?

Nikasema nitapika mimi. Chai ya kwetu naijua: sufuria moja, maji, maziwa, tangawizi, sukari, majani, vyote pamoja, moto mpaka ifure. Lakini yeye hataki maziwa. Anataka mkandaa, chai nyekundu tupu, kwa yale majani yako ya Kihindi, meusi, marefu, yaliyojikunja. Nikayatia kwenye birika, nikayachemsha mpaka yakatoa rangi ya kiatu. Akaonja. "Ahsante, Mrisho." Akaweka kikombe chini, kikapoa hapo hapo mpaka kikafanya utando juu. Siku nyingine nikaongeza majani. Ikawa chungu, inakaba ulimi. "Ahsante, Mrisho." Ile ahsante yake, wallahi, bora angenitukana.

Nilitaka kitu kimoja tu. Anywe kitu kilichotoka mkononi mwangu, akimalize, nijue kwamba mimi ni mume wa nyumba hii, si mpangaji wako.

Bi Time akaja akanikuta jikoni. Alicheka mpaka akashika mlango.

"We mbara, unapika chai au unachemsha kanzu?"

"Napika kama watu wote, wifi yake Mwatima."

"Na hilo buli pale juu?"

Nikamwambia nilidhani ni pambo. Kweli, Makame, nilidhani pambo. Kwetu chombo cha kauri chenye maua hakiguswi, kinawekwa kabatini wageni wakione. "Pambo!" akasema. "Mke umemwona, buli hukuliona!" Akafunua kopo la majani, akanusa, akakunja pua. "Na umeyaweka ubavuni kwa karafuu! Majani ya chai yanavuta harufu kuliko paka jikoni. Haya mwaga, kanunue mengine Darajani, uyafunge vizuri, uyaweke peke yao."

Nilipoyaleta akanifundisha kama anayemfundisha mtoto. Maji mapya, yachemke mara moja tu, yaliyolala kwenye birika usiyarudie. Buli lisuuzwe kwanza kwa maji ya moto, lipate joto, yale yamwagwe. Kijiko kidogo cha majani kwa kila kikombe. Maji yamiminwe yakingali yanatokota, buli lifunikwe na kitambaa juu yake.

"Halafu?"

"Halafu ondoka."

"Niende wapi?"

"Kaka yangu akishamimina alikuwa akienda kutawadha. Akimaliza udhu, chai imeiva. Ukibaki hapo utaikoroga tu, nnakujua. Na majani usiyakamue kwa kijiko, chuja polepole. Sukari atatia mwenyewe."

Kumbe hivyo. Hata udhu wako ulikuwa ndani ya ile chai.

Alasiri nikafanya yote. Nikatawadha taratibu kuliko siku zote, mkono wa kulia, wa kushoto, huku moyo uko jikoni. Niliporudi nikamimina. Rangi, Makame! Nyekundu safi, unaona mpaka chini ya kikombe. Nikamwita. Akaja, akakaa upande wake, akauelekea mlango. Akanywa. Akanywa tena. Kikombe kikaisha. Akakinyoosha bila kugeuka, akasema, "Makame, niongeze."

Nami nikasema, "Naam." Nikamwongeza.

Hapo ndipo aliposikia alichokisema. Akakiweka kikombe chini. Mimi nilitoka nje. Nilikaa kwenye ngazi, na nilikuchukia, rafiki yangu. Nisikufiche. Mimi natoka jasho, nakoroma, nasahau kuleta gesi, nanuna. Wewe hukosei tena. Nishindane vipi na mtu asiyekosea?

Baadaye alikuja akasimama nyuma yangu. Macho yalikuwa mekundu.

"Mrisho, kesho nipikie ya kwenu."

"Ile ya sufuria? Inayofura?"

"Hiyohiyo. Hii yake nshaijua. Yako sijaijua bado."

Basi kila alasiri natia sufuria jikoni. Anasema tangawizi nimezidisha. Anasema maziwa yameungua. Anasema watu wa Tabora hawana ulimi. Juzi alinisukuma kando akakoroga mwenyewe, akacheka, na Makame, sijui kama wewe uliwahi kukosolewa namna ile. Nadhani hukuwahi. Yako ilikuwa nzuri mno, alinyamaza akanywa. Hilo moja ninalo mimi, wewe huna.

Nakuaga sasa, mkono umekufa ganzi. Mwatima nitamtunza, nakuahidi mbele ya Mungu. Kaburi lako nitalipalilia, na kila Ijumaa nitakusomea Fatiha kwa moyo mweupe kadiri nitakavyoweza. Kuacha kukuonea wivu, hilo sikuahidi.

Lala salama.

Mwenzako wa magunia,
Mrisho