Safi, Mulango Ule Ulitafsiri Wewe Mwenyewe

Safi, mudogo wangu,

Usianze kulia mbele ya kumaliza kusoma. Unajua sipendi. Na maandishi yangu ni mabaya, vumilia. Minerval yako ya shule niliilipa kwa kuuza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, mimi nikabaki na darasa la pili. Basi Kifaransa chote cha nyumba yetu kiko kwako.

Dereva wa lori alinifikishia maneno yako toka Kirungu. Eti tangu matanga ya mume wako, Mwalimu, uko peke yako kule milimani, lakini kurudi Kalemie hauwezi. "Nitarudi kwa yaya, dada yangu mukubwa, na uso gani, nami nilikataa muntu aliyenitafutia?" Uso gani! Kwani uko na nyuso ngapi?

Unakumbuka ile filme ya wazungu wa zamani, kwa Papa Chef wa stesheni? Jumamosi mashine yake ya umeme inanguruma, televisheni iko dirishani, sisi wanawake uwanjani, kila muntu na kiti chake. Ndugu wawili wanawake, kanzu ndefu za kufagia chini, baba amekufa, nyumba kubwa, pesa hakuna. Na wewe umesimama pembeni kama padiri, unatutafsiria. Yule mudogo anatakiwa na bwana mwenye farasi, yeye anapenda mwalimu wa piano mwenye koti lililotoboka kiwiko. Nikasema kwa nguvu, wote wasikie: "Mupumbavu huyo! Achukue farasi!"

Ukanijibu: "Yaya, farasi hazungumzi na muntu jioni."

Wanawake wakacheka mpaka kiti cha jirani kikavunjika. Mimi sikucheka. Nilijua haumusemi muzungu. Ulimusema karani wa bandari niliyekutafutia, yule mwenye friji.

Halafu yule mudogo, aliyeolewa na mwalimu wa piano, akarudi, mujane, amelowa na mvua mbele ya mulango wa yaya yake. Yaya akatoa maneno machache, akafunga mulango. Tukapiga kelele: "Anafunga kwa nini?" Na wewe, bila kupepesa jicho: "Amesema, nyumba ya baba yetu haina kufuli kwako. Sasa anaenda kumutafutia kitenge kikavu." Mafuta ya mashine yakaisha pale pale. Tukarudi nyumbani tumeridhika. Mwezi haukuisha, ukapanda Kirungu na Mwalimu wako, na friji ikaoa muntu mwingine.

Nilinuna. Bado ninanuna kidogo, ile friji ilikuwa inatoa barafu.

Juzi Papa Chef alionyesha tena kaseti ya ile filme. Nilikaa na mujukuu wangu Josefina, anayeniita Kambo, bibi yake, yuko sekondari, Kifaransa anakila kama mukate. Mbele ya yule yaya kufungua kinywa, nikamuambia mutoto: "Sikia sasa. Haina kufuli kwako."

Akanitazama. "Hapana, Kambo. Amesema: ulichagua, bakia na ulichochagua."

Na mulango ukafungwa.

Safi! Muongo wewe! Miaka yote hii namupenda yule mwanamuke kwa maneno ya kinywa chako! Nilikasirika. Kisha nikacheka mpaka Josefina akaogopa. Kwa sababu siku ile, kati ya wanawake wote wa uwanja, nani alishangaa? Hakuna. Tuliona ndiyo vile yaya anasema. Kitenge kikavu ndani ya nyumba ya wazungu, na sisi tunaitika tu! Wewe ulijua yaya yako atasema nini, mbele ya yeye mwenyewe kujua.

Sasa unaogopa nini? Mimi Kifaransa sijui. Nilichosikia ni tafsiri yako, na hiyo ndiyo ninashika. Usiniletee nyingine.

Safari hii mafuta ya mashine hayakuisha, filme iliendelea. Sikungoja mwisho wake. Nilibeba kiti changu nikarudi nyumbani, niko na kazi.

Panda lori ya huyu dereva aliyekuletea barua. Najua mvua ya milima itakulowesha njiani. Kitenge kikavu kiko juu ya kitanda chako.

Ni mimi,
yaya yako