Mgongo Wangu, Mkeka na Moto

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Kuanzia Mandera mpaka daraja la Tana hakuna mgongo kama wangu. Ngamia wakiniona nakuja na kamba wanapiga magoti wenyewe, wasinisumbue. Mgongo huo leo umelala chali kwenye mkeka wa hospitali ya Garissa, magoti juu, unafundishwa kupumua.

Kupumua! Mimi, Bishar, tanboi, mpakia mizigo wa lori la Wajir. Shule niliacha darasa la sita, lakini kupumua nilikuwa nimeshajua.

Yote sababu ya ngamia mmoja wa sokoni. Ngamia hupakiwa lorini amefungwa miguu, wanaume wanamzunguka, wanamwinua pamoja. Nikasema upande wa nyuma niachieni mimi peke yangu. Kiuno kikalia, ka! Tangu siku hiyo maumivu yanashuka kama moto wa umeme mpaka kifundo cha mguu.

Dereva Yusuf ananiwekea nafasi mpaka msafara wa malori wa tarehe ishirini na moja. Siku hiyo nisipoweza kubeba gunia, anapanda binamu yangu Guleed. Guleed! Mbuzi wanamkanyaga yule.

Naandika kwa Kiswahili. Nyumbani hakuna anayekisoma.

Jumatano, 4 Septemba

Mwenye mikeka ni Daktari Mwende, Mkamba wa Mwingi. Hana sindano, hana vidonge. Yake ni mazoezi tu. Alikwenda kozi Nairobi akarudi nayo, yanaitwa Pilates. Mimi nasema Bilates, anacheka, namwachia.

Unalala. Unavuta kitovu taratibu kuelekea mgongoni. Unapumua kwa mbavu. Unainua mguu mmoja, kidogo sana. Mimi niliinua yote miwili juu kama milingoti. Nikakaza tumbo, nikaziba pumzi, uso ukavimba. Nikadhani nitasifiwa.

"Nani amekutuma upigane na mkeka?" Daktari akauliza.

Nyuma ya pazia wako kina mama. Kuna bibi mmoja mwenye kiuno kibovu, Ayeyo Shukri. Akapaza sauti: "Waryaa, kijana, toa pumzi! Hata mbuzi anayechinjwa anapumua!" Pazia zima likacheka. Halafu nikasikia Daktari akimsifu yeye, eti anainua kiuno vizuri na kukishusha mfupa mmoja mmoja.

Nimeona aibu. Tena nimechoka. Kazi ndogo namna hii inachosha kuliko kupakua sukari.

Ijumaa, 6 Septemba

Joto. Vumbi mpaka kwenye meno. Kitovu ndani, pumzi nje. Kitovu ndani, pumzi nje. Maumivu yameacha kifundo, sasa yanaishia gotini. Daktari anasema yakipanda juu ni dalili njema, yanarudi kwao kiunoni kabla ya kuondoka. Mimi naona ni mguu ule ule tu.

Nimechoka kutazama dari.

Jumanne, 10 Septemba

Nimelala usiku mzima. Asubuhi nimevaa viatu mwenyewe, sikumwita mama. Maumivu yako takoni tu, yamejikunyata huko kama mwizi.

Nimemwambia Ayeyo Shukri nikipona naja kumposa.

"Wewe?" akasema nyuma ya pazia. "Kwanza jifunze kusimama, ndipo ulete ngamia wa mahari."

Yusuf alipita dirishani. "Waryaa Bishar, nafasi yako juu ya mizigo inapigwa jua bure!" Nilifurahi sana. Sikumwonyesha. Jumatatu Daktari ataanza kunifundisha kunyanyua dumu la maji. Anasema nikiendelea hivi, tarehe ishirini na moja inawezekana.

Alhamisi, 12 Septemba

Siku mbaya.

Nilikuwa nimepiga magoti na mikono kwenye mkeka. Mkono mmoja mbele, mguu wa upande wa pili nyuma, hewani. Nimetulia kabisa, hata Daktari alisema vizuri. Kumbe Guleed yuko dirishani na vijana wa sokoni.

"Tazameni! Jabali wa Mandera amekuwa mbwa anakojoa!"

Halafu akaona pazia, akasikia sauti za kina mama. Basi. "Wanaume wanatibiwa kwa moto, Bishar! Wewe unatibiwa kwa kulala na mabibi!"

Daktari aliwafukuza. Jioni soko zima linajua. Muuza chai kaniuliza kama mtoto amezaliwa salama.

Nawachukia wote. Hata mkeka nauchukia.

Ijumaa, 13 Septemba

Baada ya swala nilikwenda kwa mzee anayechoma maumivu kwa chuma cha moto, dawa ya kwetu ya zamani, kule nyuma ya soko la mifugo. Chuma chekundu, kiunoni, huku na huku ya uti wa mgongo. Guleed na wenzake walikuwepo. Niliwaita mwenyewe waje waone.

Sikulia. Hata jicho sikupepesa. Guleed ndiye aliyegeuza uso.

Jumapili, 15 Septemba

Nalala kifudifudi. Shati linagandia. Sina la kuandika.

Jumatatu, 16 Septemba

Daktari Mwende akasema nilale chali. Sikuweza. Akainua shati.

"Mgongo ulikuwa unakuja vizuri, Bishar."

Hakugomba. Malengelenge yamepasuka, yana usaha. Amenipeleka mwenyewe kwa sista wa vidonda. Mkeka basi, mpaka ngozi ifunge. Dumu la maji lilikuwa pale mlangoni, limejazwa tayari, hakuna aliyeligusa. Natembea nimepinda kwa sababu ngozi inavuta. Maumivu yameteremka tena, yako gotini.

Ayeyo Shukri alikuwepo nyuma ya pazia. Hakunitania. Hilo liliniumiza kuliko chuma.

Jumamosi, 21 Septemba

Msafara umeondoka. Polisi mbele, polisi nyuma, malori katikati.

Nilijaribu. Yusuf aliweka gunia mbele yangu. Nikainama. Mguu ukakataa. Nikabaki nimeinama hivyo mpaka yeye akanishika bega akaninyoosha.

"Pole, adeer," akasema. Wazee wetu humwita hivyo kijana wanayemhurumia, kama vile yeye ndiye ami yao.

Guleed alikaa juu ya mizigo, mahali pangu. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumanne, 24 Septemba

Vidonda vinakauka. Daktari ananifundisha nimesimama, viganja ukutani. Kitovu ndani, pumzi nje. Polepole. Ayeyo Shukri aliuliza kama niko. Nikasema niko. "Haya, toa pumzi," akasema. Basi, hilo tu.

Mama anamlaani yule mzee wa moto. Majirani nao. Jana nilikaa nikawasikiliza, nikanyamaza.

Mzee hana kosa. Kabla hajaweka chuma kwenye makaa alinishika mkono, akaniuliza: "Adeer, kule hospitali unapata nafuu? Anayepona mimi simgusi." Guleed alikuwa hapo, na wenzake, wanangoja jibu. Na asubuhi ile viatu nilivaa mwenyewe.

Nilisema hapana.