Mwito wa Tatu

Nainital, Aprili 2001

Dada Hansa mpendwa,

Nianze na mgongo wako, maana nikianza na habari za mbuzi wako hutanijibu lingine. Umepata nafuu? Mimi mzima, ila ukungu wa huku ziwani umenipa mafua yasiyobanduka. Shemeji na watoto nawasalimu sana.

Najua unangoja habari ya nyumba. Keti kwanza.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akiteremka hadi Allahabad, basi kisha treni, na mikate yake ya ulezi kitambaani, kwa kuwa Mahakama Kuu yetu sisi wa milimani ilikuwa kule tambarare. Tulipopata jimbo letu tukapata na mahakama yetu, na majalada yetu yakaletwa kwa malori. La rufaa ya Baba juu ya nyumba limo. Na mimi mwanawe ndiye tarishi wa kuita majina mlangoni. Angecheka mpaka akohoe.

Ila mimi sikuwa na kicheko. Wakili alinieleza kwamba, kwa kuwa Baba ameshafariki na muda wa kuandikisha mrithi umepita, akiitwa mara tatu asiitike, rufaa inatupwa, na Baba Mdogo Khimanand anakutoa nyumbani kwa hukumu ile aliyoipata mahakama ya wilayani. Nawe ukaniandikia kwamba umetundika ombi kwa mungu Golu, mwamuzi wa haki, hekaluni kwake kule Chitai, kwenye karatasi ya stempu ya mahakama, na kengele juu yake, ili Baba asikilizwe. Nilikucheka, Dada. Nilimwambia tarishi mwenzangu kwamba dada yangu amekata rufaa juu ya Mahakama Kuu. Yeye hakucheka. Alisema Golu hana likizo kama majaji wetu.

Jumatatu asubuhi ukungu ulijaa barazani hata nguzo hazikuonekana. Majaji wawili waliketi. Baba Mdogo alikuwa mbele, na kofia mpya. Nikaita jina la Baba, "Jaidatt Pathak, hudhuria!" Kimya. Nikaita tena.

Mwito wa tatu haukuwa wa Jaidatt. Kila aliyekuwamo atakuambia. Ulikuwa "Khimuwaaa!", jina ambalo Baba peke yake alimwita nalo Baba Mdogo, tangu walipokuwa wakichunga ng'ombe. Baba Mdogo akasimama akaitika, "Naja, kaka," kwa sauti ya kitoto. Kisha akawaambia majaji kwamba wilayani alisema uongo, kwamba nyumba ni ya kaka yake na watoto wake, na kesi haitaki tena. Ikaandikwa. Nyumba ni yako, Dada. Lia tu, nami nililia.

Baadaye Baba Mdogo alinishika mikono akanishukuru. Alisema nimerithi sauti ya Baba barabara, na kwamba nilivyomwita vile nimemrudishia utu wake. Atapita Chitai kufunga kengele, kisha atakuja kwako. Mpikie vizuri.

Sikumwambia jambo hili, nawe usimwambie. Mimi niliita mara mbili tu. Mara ya tatu mdomo wangu ulikuwa bado umefumbwa, na sauti ikatoka nyuma yangu, barazani, kwenye ukungu. Ilipokwisha nikasikia kikohozi cha Baba. Niligeuka, na hapakuwa na mtu.

Naogopa, Dada, na nina furaha. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Jioni shindika mlango wa mbele, ila usitie komeo, Baba asije akakuta pamefungwa.

Mdogo wako akupendaye,
Basant